Kompyuta na maabara hazipatani juu ya kitambaa changu

*“Shikamoo Mtaalamu. Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa nguo, na ninamsaidia mama mmoja mwenye karakana ya ufumaji. Anataka kitambaa cha pamba cha mashati ya sare za shule za Pwani, kiwe chepesi na kipitishe upepo. Ni ufumaji wa kawaida, moja juu moja chini, nyuzi 32 kwa sentimita kwenye mtande (nyuzi za urefu) na 26 kwenye mshindio (nyuzi za kukingama), uzi wa gramu 20 kwa kilomita pande zote mbili. Nimekichora kwenye TexGen, programu ya kuchora vitambaa, nyuzi za duara zenye kipenyo cha milimita 0.167, kisha nikakokotoa mtiririko wa hewa kwenye OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko, kwa tofauti ya shinikizo ya paskali 100. Kompyuta inanipa milimita 2,100 kwa sekunde. Maabara imenipa 700. Nimeongeza seli, vile vipande vidogo vya hesabu, hadi milioni nane, namba haisogei. Nimeweka modeli ya msukosuko, bado. Nadhani kosa ni kuuchukulia uzi kama fimbo ngumu, ilhali uzi wa pamba una nafasi ndani yake. Je, ni kweli? Na huyo mama nimpe namba ipi?”*

Marahaba. Nianze kwa kukutoa hofu: kwa maelezo yako, kompyuta haikukosea hesabu. Imekokotoa vizuri kabisa kitambaa ambacho hakipo. Namba kutosogea unapoongeza seli ni dalili nzuri, maana yake milinganyo imetatuliwa hadi mwisho kwa umbo ulilolipa. Ukifika hapo, hata ukiongeza seli milioni nane nyingine utapata jibu lilelile, maana mchoro wenyewe haufanani na nguo. Ninajua uchungu wa hatua hiyo. Nilipokuwa kijana nilimaliza miezi miwili nikisafisha wavu wa hesabu usiku kucha, na siku niliyoweka kipande cha kitambaa chini ya hadubini nikaona kosa langu ndani ya dakika moja.

Tuanze na dhana yako ya uzi wenye nafasi ndani. Ni kweli uzi wa pamba si fimbo. Nyuzinyuzi zenyewe huchukua kama asilimia 60 ya ukubwa wake, kilichobaki ni hewa. Lakini fuata mantiki hadi mwisho: ukiufungua uzi, unaipa hewa njia ya ziada, kwa hiyo 2,100 yako itapanda, na wewe unataka ishuke. Halafu angalia uzito wa njia hiyo. Mtafiti Gebart alitoa mwaka 1992 kanuni ya kukadiria jinsi kiowevu kinavyopenya katikati ya nyuzinyuzi zilizolala sambamba. Weka humo nyuzinyuzi za pamba zenye nusu kipenyo cha maikromita 6 hivi na ujazo wa asilimia 60, kisha sukuma hewa kwa paskali 100 kuvuka unene wa uzi mmoja. Utapata chini ya milimita 10 kwa sekunde. Kati ya 700, hiyo ni kama asilimia moja. Kwa kitambaa chako uchukulie uzi kuwa mgumu bila wasiwasi. Ungekuwa unashughulika na turubai lililobanwa hadi matundu yakazibika, hapo ningekwambia kinyume, kwa sababu hewa isingekuwa na njia nyingine.

Modeli ya msukosuko nayo iondoe. Wengi huiweka kwa sababu neno “upepo” linawapeleka kwenye mawimbi na vimbunga. Kwenye tundu la kitambaa mambo ni madogo mno. Kasi ya hewa ndani ya tundu ni kama mita 5 na nusu kwa sekunde, upana wa tundu ni sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko, inatoka 40 na ushei. Ndani ya bomba, msukosuko huanza kwenye maelfu. Mtiririko wako ni tulivu, na modeli ya msukosuko inauongezea mnato (ukinzani wa hewa kutiririka) wa bandia ambao hewa haina. Ukiiondoa, huenda namba ya kompyuta ikapanda kidogo na kwenda mbali zaidi na maabara. Usishtuke. Ulikuwa na kosa moja linaloficha sehemu ya kosa jingine, na ni afadhali yote mawili yaonekane.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Kamata kalamu, tufanye hesabu ya mkono ambayo ningependa kila mwanafunzi aifanye kabla hajawasha kompyuta. Nyuzi 32 kwa sentimita maana yake kutoka katikati ya uzi mmoja hadi katikati ya mwenzake ni milimita 0.3125. Upande wa mshindio, nyuzi 26, ni milimita 0.385. Ukiondoa kipenyo chako cha 0.167 unabaki na tundu la 0.146 kwa 0.218. Gawanya eneo la tundu kwa eneo la kizio kizima: kitambaa chako kwenye kompyuta kina uwazi wa karibu asilimia 26. Hewa inayosukumwa kwa paskali 100 haiwezi kuzidi mita 13 kwa sekunde ndani ya tundu, kwa hiyo upeo wa juu kabisa kwa kitambaa kizima ni kama mita 3.4 kwa sekunde. Ukitoa hasara ya mnato na ya kujibana kwenye tundu, 2,100 ni jibu la haki kwa mchoro huo.

Lakini asilimia 26 ni karibu chachi. Shika kipande cha kitambaa hicho mbele ya dirisha. Je, robo nzima ya mwanga wa dirisha inapita wazi? Nina hakika hapana.

Sababu ni kwamba uzi kwenye nguo si duara. Mduara tumeurithi kwa Peirce, mtafiti wa nguo aliyeandika jiometria ya kitambaa mwaka 1937. Aliuchagua ili hesabu ziwezekane kwa mkono, na yeye mwenyewe alijua uzi hubanwa. Kila mshindio unapopigwa na chanuo la mtambo na kuukandamiza mtande, uzi unalala na kutanuka, mfano wa godoro la sufi lililolaliwa miaka mingi. Uzi wako wenye eneo la milimita mraba 0.022 ukitanuka hadi upana wa 0.22, kimo chake kinashuka hadi 0.13 hivi. Uzito ni uleule, pamba ni ileile. Sasa rudia hesabu: tundu linakuwa 0.0925 kwa 0.165, na uwazi unashuka hadi asilimia 13. Nusu ya njia ya hewa imetoweka na hukugusa chochote isipokuwa umbo la uzi. Ukikokotoa tena kwa umbo hilo, nategemea kompyuta ikuletee mahali fulani karibu na 900.

Angalia pia jinsi jambo hili lilivyo na makali. Badala ya 0.22 weka 0.23, tofauti ya sehemu moja ya mia ya milimita, ambayo jicho halioni. Uwazi unatoka asilimia 12.7 hadi 10.6, yaani njia ya hewa imepungua kwa asilimia 16 au zaidi. Ndivyo inavyokuwa unapotafuta kitu kidogo kwa kutoa namba mbili zinazokaribiana: kosa dogo kwenye uzi linakuwa kosa kubwa kwenye tundu. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kutabiri upitishaji hewa kwa usahihi wa asilimia mbili kutoka kwenye vipimo vya kiwandani peke yake, muulize upana wa uzi aliupimaje.

Kutoka 900 hadi 700 kuna nini? Hapo ndipo ningetaka uione nguo kwa karibu. Chini ya hadubini, tundu la kitambaa cha pamba halina kingo safi. Vinyweleo vinachomoza kwenye uzi na kukatiza katikati ya tundu, kimoja huku, viwili kule, vingine vimejikunja kama mizizi midogo. Tundu lina upana wa sehemu ya kumi ya milimita, na kinyweleo kimoja cha pamba ni maikromita kumi na kitu, kwa hiyo vinyweleo viwili tu vikikatiza, sehemu ya tano au ya nne ya upana imeshazibwa. Na si kuziba tu. Hewa hugandama kwenye kila ukuta inaogusa, kasi yake ikawa sufuri pale ukutani, na inayopita jirani inavutwa nyuma na ile iliyosimama. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu anajua: chicha kidogo kikishajipachika kwenye matundu, tui linapungua kuliko ukubwa wa chicha chenyewe. Kila kinyweleo ni ukuta mpya katikati ya njia.

Ndiyo maana lazima uulize kitambaa kilichopimwa kilikuwa katika hali gani. Kilichotoka moja kwa moja kwenye mtambo bado kina wanga uliopakwa mtande ili usikatike. Wanga huo unalaza vinyweleo na kuukaza uzi. Kikifuliwa, wanga unatoka, vinyweleo vinasimama, uzi unavimba, na kitambaa kinaruka, yaani kinasinyaa. Chukua mfano wa kuruka kwa asilimia 4 kila upande: uwazi ule wa asilimia 12.7 unakuwa chini ya 11, na hapo hatujahesabu vinyweleo. Shati la mwanafunzi hufuliwa kila wiki. Kitambaa kilichofuliwa mara tano ndicho mtoto atakachokivaa, na hicho ndicho ningekichora.

Basi upime vipi? Njia ninayoipenda ni ya gharama ndogo. Kata kipande, kizamishe kwenye gundi ya epoksi isiyo na rangi, iache ikauke, kata kwa msumeno mwembamba, kisha sugua uso kwa msasa wa maji kuanzia mkali hadi laini. Chini ya hadubini ya kawaida ya maabara ya shule utaona sura ya uzi ilivyokatwa: upana, kimo, na mawimbi yake unapopanda na kushuka. Pima nyuzi 30 za mtande na 30 za mshindio kila upande peke yake, kwa sababu mtande uliovutwa kwa nguvu na mshindio uliotupwa kwa ulegevu havilali sawa. Andika wastani, na andika pia mtawanyiko.

Sambamba na hilo piga picha kitambaa kikiwa juu ya taa, kwa hadubini au hata simu yenye lenzi ya kukuza, ukiweka rula pembeni. Programu ya ImageJ, ambayo ni ya bure, itakuhesabia eneo jeupe. Kuna mtego mmoja hapo: taa ikiwa kali mno, mwanga unamwagika kwenye kingo, vinyweleo vinapotea na tundu linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Punguza mwanga hadi vinyweleo vionekane, ndipo upige. Uwazi wa picha ukipishana sana na uwazi wa mchoro wako wa TexGen, usiendelee mbele. Rudi kwenye mchoro.

Maabara nayo tusiipe utakatifu. Kipimo cha ISO 9237, kiwango cha kimataifa cha upitishaji hewa, hutumia duara la sentimita mraba 20 na shinikizo la paskali 100 kwa nguo za kuvaa, 200 kwa vitambaa vya viwandani. Kinarudiwa angalau sehemu kumi tofauti, baada ya kitambaa kutulia kwenye hewa ya nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65. Uliza kama hiyo 700 ni wastani wa sehemu kumi au ni kipimo kimoja. Uliza kama kitambaa kilikaa kwenye hewa hiyo au kilitolewa kwenye mkoba wako siku ya mvua, maana pamba hunywa unyevu ikavimba na matundu yakapungua. Uliza kama hewa haikuvuja pembeni ya kibanio. Hata hivyo, ningekuwa wewe, katika ugomvi huu ningeipa maabara imani zaidi kwa sasa. Yenyewe angalau imeshika kitambaa chenyewe.

Una njia tatu mbele yako. Ya kwanza ni hiyo ya kusahihisha umbo kwa vipimo vya hadubini. Itakufikisha karibu, pengine juu ya maabara kwa asilimia 20 au 30, na utaweza kueleza tofauti iliyobaki kuwa ni vinyweleo. Kwa tasnifu ya uzamili hilo ni jibu la heshima. Ya pili ni kupiga kitambaa picha ya eksirei ya pande zote na kukokotoa hewa ndani ya umbo halisi, vinyweleo na vyote. Ni nzuri sana, ila mashine ni adimu, kompyuta inalemewa, na kipande unachoweza kupiga ni kidogo kiasi kwamba hujui kama kinawakilisha jora zima. Singekushauri uanzie huko.

Ya tatu ni kuachana na uzi mmoja mmoja. Omba maabara ipime kwa paskali 20, 50, 100 na 200. Mhandisi Darcy alipochuja maji kwenye mchanga mjini Dijon na kuchapisha matokeo mwaka 1856, aliona mtiririko ukienda sambamba na shinikizo. Mwaka 1901 mhandisi mwenzake Forchheimer akaongeza sehemu ya kasi kwa kipeo cha pili, kwa sababu kasi ikipanda hewa hupoteza nguvu pia kwa kujibana na kutanuka. Kitambaa chako kiko katikati ya hali hizo mbili. Gawanya shinikizo kwa kasi, chora dhidi ya kasi, na utapata takriban mstari ulionyooka: unapokatia mhimili ni mnato, mwinuko wake ni hiyo sehemu ya Forchheimer. Namba hizo mbili zinatosha kukifanya kitambaa kuwa utando mmoja ndani ya modeli kubwa ya shati na mwili. Kasoro yake ni kwamba hazikuambii chochote kuhusu kitambaa ambacho hakijafumwa bado, na mama yako wa karakana huenda ndicho anachotaka: kujua afume vipi safari ijayo. Kwa hiyo mimi ningefanya ya kwanza na ya tatu pamoja.

Kuna jaribu nataka ulikatae. Utashawishika kubadilisha upana wa uzi kidogo kidogo hadi kompyuta itoe 700 barabara. Ukifanya hivyo kwa paskali 100, huna haki ya kusema modeli imethibitishwa. Acha vipimo vya 20 na 200 pembeni bila kuvigusa, na ukiweza kitambaa cha pili chenye nyuzi tofauti, ndipo uone kama modeli inavitabiri. Ikishindwa, andika kwamba imeshindwa.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza, na kwa watoto wa Pwani ndilo kubwa. Paskali 100 ni nguvu ya upepo wa karibu mita 13 kwa sekunde ukigonga kitu na kusimama. Upepo wa mita 5 ni paskali 15. Feni ya darasani inayompulizia mtoto kwa mita moja kwa sekunde haifikishi hata paskali moja. Huko chini mnato ndio unaotawala, na matundu madogo yanaumia kuliko makubwa. Vitambaa viwili vinavyolingana kwa paskali 100 vinaweza kupishana wazi kwa paskali moja, chenye matundu machache makubwa kikimshinda chenye matundu mengi madogo. Kompyuta hapa inakufaa kuliko mashine: ikishapatana na maabara kwenye 20 hadi 200, ishushe hadi 1 na uone.

Na kitambaa kilichogandama mgongoni kwa jasho hakipitishi kitu, hata kiwe na uwazi gani, kwa kuwa hakuna tofauti ya shinikizo kati ya ngozi na nje. Wavaa kanzu wanalijua hili bila milinganyo: ni pana, inasukuma na kuvuta hewa kila hatua, inatolea shingoni na chini. Mweleze mama huyo kwamba mshonaji akiongeza sentimita chache za upana kwenye kifua, inaweza kumsaidia mtoto kuliko yeye kupunguza nyuzi mbili kwenye mshindio.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa vipimo vya maabara vyenyewe vinapishana zaidi ya robo kati ya sehemu na sehemu, nenda ukasimame kando ya mashine ukiwa na kitambaa mkononi, uangalie kinavyobanwa. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wana maabara za nguo. Piga simu kwanza uulize kama wanapima upitishaji hewa na kwa shinikizo zipi. Ikiwa mchoro wa TexGen unakataa kufanana na picha hata baada ya vipimo, mpelekee msimamizi wako sampuli iliyozamishwa kwenye epoksi, si faili. Na kama siku moja utaombwa kutumia modeli hii kwa barakoa ya vumbi au nguo ya kupulizia dawa shambani, usiamue kwa kompyuta. Hapo ni vipimo vya watu wenye dhamana ya usalama.

Huyo mama mpe 700, na uiandike yote: milimita 700 kwa sekunde, paskali 100, na hali ya kitambaa kilipopimwa, kabla au baada ya kufuliwa. Kisha omba mita moja ya jora hilohilo, ifueni mara tano kwa sabuni na maji anayotumia mzazi nyumbani, mkaushe juani, mpime tena. Namba hiyo ya pili ndiyo akawaonyeshe wakuu wa shule.